Pembe za Nzoia

Saa mbili asubuhi, chini ya maporomoko ya Nabuyole,
tumepangwa ukingoni kama watoto wa gwaride,
walimu tisa wenye kofia ngumu za manjano
na majaketi ya kuelea yanayonuka jasho la wageni wa jana.
Mwalimu mkuu, Bwana Wangwe, amefunga kitambi
kwa kamba tatu. Ya nne imekataa.
Nakhumicha wa Kemia anauliza kama kuna mamba.
"Wapo," anajibu kiongozi, "ila wamefunga shule."

Naijua sauti hiyo.
Kidato cha Pili, dawati la mwisho, karibu na dirisha:
Lusweti, alama kumi na moja kwa mia,
jiometri ilimpitia mbali kama mvua ya ng'ambo.
Siku moja alichelewa, viatu mkononi,
matope hadi magotini,
nikamwambia mbele ya wenzake:
"Wewe utaishia mtoni."

Basi ameishia.
Na mimi nimemlipa elfu mbili na mia tano
anipeleke huko huko.

"Mwalimu, kaa mbele, kushoto.
Nikisema piga, piga. Nikisema acha, acha.
Nikisema inama, usiniulize sababu."
Nami, ambaye kwa miaka ishirini na sita
sijapokea jibu lisiloonyesha njia,
nikachomeka vidole vya miguu
chini ya mto wa mpira, mto juu ya mto,
nikasema, "Sawa."

Kisha maji yakaondoka na sisi.

Piga! Kafi langu likakata hewa.
Piga, Mwalimu! Likagonga goti la Nakhumicha.
Mto ukajikunja, ukatuonyesha tumbo jeupe,
tukapanda, tukaning'inia kule juu
muda wa kutaja majina ya watoto wangu wawili;
wa tatu nilimtajia chini, kinywa kimejaa Nzoia:
udongo, majani, utamu wa mbali wa miwa.
Bwana Wangwe aliomba kwa Kibukusu,
akaapa kwa Kiingereza,
akacheka kwa lugha
ambayo hatujawahi kuisikia ofisini.

Nyuma ya mwamba maji yalizunguka taratibu, nasi tukazunguka nayo.
Mdiria akapita chini chini, kama noti ya mwanafunzi.
Juu ya miti likachungulia bomba la kiwanda cha karatasi.
Marehemu mume wangu alitoka humo kila jioni
akinuka mayai viza,
na hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya karo.
Sikumwambia mtu. Nilikuwa nakamua soksi.

Jioni tulipiga hema kwenye mchanga,
mikono ikitetemeka hata kushika kikombe.
Kuku wa Bwana Wangwe alikataa kuiva.
Mvua ikanyunyiza, ikaghairi.
Nakhumicha alisimulia ile ngazi ya tatu ya maji
mara nne, na kila mara ilikuwa imeongezeka kimo.

Lusweti akaokota kijiti, akachora mchangani
mistari miwili inayokutana.
"Mwalimu, maji yakijichora hivi,
ncha ikielekea uendako, huo ni mlango. Ingia.
Lakini ncha ikikutazama wewe,
hapo pana jiwe, limejificha."
Nikamwuliza pembe hiyo ni nyuzi ngapi.
Akainua mabega.
"Inategemea msimu."

Usiku zipu ya hema ilikwama nusu.
Mto ulikuwa ukiendelea na somo, hauna kengele.
Nilitafuta maneno, nikayafuta,
nikayaandika upya kichwani, nikayafuta tena,
mpaka nikatoka na tochi nimwambie hata moja.

Alikuwa amelala juu ya boti iliyopinduliwa,
mkono mmoja unaning'inia,
miguu peku,
matope hadi magotini.